Kwinini Isiyong'aa

"Igeuze kidogo," alisema Ndungu. "Upande wa jua, Mabrouka. Tafadhali."

Mabrouka akaigeuza glasi. Kwa mkono mwingine alishikilia kitambaa cheusi nyuma yake, kitambaa alichokikata mwenyewe kwa ajili ya kazi hii, na mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi. Jua la alasiri lilikuwa kali juu ya ua wa Mzee Fadul, jua la kutosha kuanika mahindi. Lakini ndani ya glasi hamkuwa na kitu. Maji matupu, yametulia kana kwamba hayajaombwa lolote.

"Nilisikia itakuwa buluu," alisema Ami Abdelrahim, kaka mkubwa wa Fadul, kutoka kwenye kiti chake cha kamba. "Ama ni mimi macho yamezeeka?"

Wazee wawili wa Makina, mtaa wa Wanubi wa Nairobi, waliokuja kushuhudia wakacheka. Mzee Fadul hakucheka. Alisimama wima kama alivyofundishwa jeshini ujana wake, mikono nyuma, macho kwenye glasi.

Ilikuwa zamani za vita ya pili ya dunia, na kwinini, dawa ya malaria, imeadimika Nairobi nzima. Kitu kikiadimika hakikosi matapeli, na watu walikuwa wameshaumwa na homa wakimeza vidonge vya chaki. Mtoto wa jirani alipougua siku nyingi huku akinywa kwinini ya duka la Fadul, midomo ikafunguka. Ati askari mzima, mtu wa msikiti safu ya mbele, anauza chaki! Ulimi hauna mfupa. Wateja wakaanza kupita mbele ya duka lake wakitazama upande wa pili wa barabara.

Ndungu wa Kihara, kijana wa Kawangware, alikuwa mwosha chupa katika maabara ya serikali. Siku moja aliona dirishani jambo lililomnyima usingizi: kwinini ikiyeyushwa kwenye maji yenye matone machache ya asidi ya betri, kisha ikawekwa juani mbele ya kitu cheusi, hutoa mwanga wa buluu mzuri ajabu. Chaki haitoi. Akajiuliza kama mtu hangeweza kuijua dawa ya kweli kwa njia hiyo, hata kijijini, bila mashine, na hata kujua ina nguvu kiasi gani kwa kulinganisha mng'ao wa glasi na glasi. Alimwomba Mzungu wake amsaidie kuikamilisha njia hiyo, akajibiwa kwamba kuna chupa bado hazijaoshwa. Alimwendea Mhindi mmoja mwenye duka la dawa, akaambiwa asizibe mlango. Ndipo akaingia dukani kwa Fadul, akamkuta binti wa nyumba amekaa nyuma ya mizani, akamwambia neno ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia.

"Nisaidie kufikiri."

Mwingine angeyasifu macho yake, nayo yalistahili kusifiwa. Mabrouka alikuwa ameshazisikia sifa hizo hadi zimemchosha. Lakini kuombwa akili! Tangu siku ile moyo wake haukurudi mahali pake. Alimsagia vidonge, akamgawia nusu na robo kwa mizani ya duka, na mchana mmoja nyuma ya duka Ndungu akamwonyesha chupa aliyokuja nayo kutoka Kawangware. Ilikuwa buluu kama moshi wa kuni mbichi. Walitazamana juu ya chupa ile kwa muda mrefu kuliko chupa yenyewe ilivyohitaji.

Sasa, mbele ya wazee, glasi ilikuwa imekufa. Juma lililopita ilikufa hivyo hivyo hapa hapa uani, na Ndungu akasema asidi imechacha. Leo alikuja na asidi mpya.

"Na hiyo ya pili ni nini?" aliuliza Fadul, akionyesha glasi iliyokuwa mezani.

"Hiyo ni kwinini ya serikali, mzee. Nimeitoa kule maabara. Hiyo haina shaka."

"Mbona nayo haiwaki?"

Ndungu akaiinua ile glasi ya pili juani, akaishusha. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Basi ni moja kati ya mawili," alisema Ami Abdelrahim. "Ama serikali nayo inauza chaki, ama huyu kijana ametuletea kiini macho."

"Kaka, ngoja," alisema Fadul. "Ndungu, nisikilize. Hawa watu nimewaita mimi. Kwinini yangu ni nzuri ama ni mbaya?"

"Sijui, mzee."

"Hujui?"

"Siwezi kusema ni nzuri na sijaona. Siwezi kusema ni mbaya pia. Hii njia imenishinda hapa, na sijui kwa nini. Kwetu Kawangware inafanya. Maabara inafanya. Hapa kwako inakataa."

"Hapa kwangu inakataa," Fadul alirudia polepole. "Kwa hivyo nyumba yangu ndiyo mbaya."

"Sikusema hivyo, mzee!"

"Watu wamesikia ulivyosema."

Mabrouka alimtazama Ndungu. Sema, alimwomba kwa macho. Sema kile kingine. Mwambie hukuja kwa sababu ya kwinini peke yake. Ndungu alikuwa anaitazama glasi.

Mzee Fadul akamgeukia kaka yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Lile neno lako la posa, la mwanao Abdelkarim na Mabrouka. Nimekubali. Ijumaa baada ya sala mje mumuulize."

Kitambaa cheusi kikamdondoka Mabrouka mkononi.

Alimfikia Ndungu nje ya ua, penye miti ya mnyaa. Alikuwa anatembea haraka, na chupa yake ya asidi ameisahau mezani.

"Unakwenda?"

"Nikae nifanye nini? Umeniona. Nimemchafua baba yako mbele ya watu."

"Rudi umwambie."

"Nimwambie nini, Mabrouka?"

"Hujui? Kweli hujui? Umekuja hapa, ukasema kwinini. Ukarudi, ukasema kwinini. Leo natolewa mbele ya macho yako kama kikapu, na wewe bado unatazama glasi!"

"Nilitaka nimsafishie jina kwanza. Halafu ndiyo niongee hiyo maneno nyingine. Mimi ni Mkikuyu, mimi ni Mkristo, naosha chupa. Ningeingia kwenu mikono mitupu niseme nataka binti yenu?"

"Ungeingia na mdomo."

"Na mdomo ungenifukuzisha."

"Umefukuzwa hata hivyo," alisema Mabrouka, akajifuta machozi kwa kiganja. Ndungu aliinua mkono kama anayetaka kumshika bega, akakumbuka wazee wako nyuma ya ua, akaushusha. Akaondoka na njia ya Kawangware.

Jikoni, mama yake, Fatna, alikuwa anakanda unga wa kisra, mkate mwembamba wa Kinubi, na alikuwa na maneno aliyoyafunika kama sufuria. Mabrouka aliona kwa namna mikono yake ilivyokwenda bila moyo.

"Sema, mama."

"Nimeumia kwa ajili ya kijana yule. Nilimkinga kwa kila njia."

"Ulimkinga na nini?"

"Na jicho, mwanangu. Wewe humwoni Ami yako anavyotazama? Kijana mgeni, msomi, anakuja kuonyesha kitu kinachong'aa mbele ya watu wenye choyo. Kitu kinachong'aa hupigwa jicho kabla hakijashika. Juma lililopita nilitia kidogo. Nilipoona mambo yameharibika, leo nikasema jicho ni kubwa, nikaongeza."

"Ukaongeza nini?"

"Chumvi," alisema Fatna. "Kwenye birika la maji yake. Kwani ni nini? Hata bibi yako alikuwa anatia chumvi kila akija mgeni wa kheri."

Mabrouka akageukia mtungi wa maji. Maji ya Ndungu yalitoka jikoni humu. Hakuja na yake, kwa maana kuingia nyumba ya Mnubi na maji yako mwenyewe ni kumwambia mwenye nyumba kuwa humwamini. Alipokea birika kwa mikono miwili, akashukuru, na adabu yake ikammaliza.

Mabrouka alichukua glasi safi, akateka maji ya mtungi yasiyoguswa, akatoka nyuma ya nyumba na kile kitambaa na chupa ya asidi. Kidonge cha duka la baba yake. Matone machache. Akakoroga, akanyanyua glasi juani.

Buluu. Buluu ileile, imejaa glasi kingo hadi kingo.

Akatia chumvi, kiasi cha kushikwa na vidole. Akakoroga tena. Mwanga ukafifia, ukafifia, ukazimika huku anatazama. Fatna, aliyekuwa amesimama mlangoni na unga mikononi, akajishika kifua.

"Yaa Rabi. Ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Nami nilikuwa nampenda yule kijana!" alisema Fatna, akakaa chini pale pale kizingitini, akalia kwa kwikwi. Mabrouka alitaka kumkasirikia na hasira ikakosa pa kushika. Angemkasirikia vipi mtu aliyeharibu kwa kuombea kheri? Akamwinua, akamfuta unga usoni, kisha akaenda kumwita baba yake.

Fadul alitazama glasi ya kwanza iking'aa. Akaomba aione tena. Akaomba atiliwe chumvi, aione inavyokufa, kisha atengenezewe nyingine mpya. Uso wake ulifunguka kama wa kijana.

"Kwinini yangu ni ya kweli," alisema. "Wallahi ni ya kweli! Kesho nitaita watu wote. Nitawaonyesha msikitini mlangoni!"

"Ndiyo, baba. Na lile neno la Ami?"

"Neno gani?"

"La Abdelkarim. Ulilitoa kwa hasira, kwa sababu ya glasi. Sasa glasi imewaka."

Fadul akashusha glasi. Hakuwa mtu mkatili, na jambo hilo lilimuuma, lakini alikuwa ameishi maisha yake yote kwa amri na neno. "Nilisema mbele ya wazee, Mabrouka. Maji yakimwagika hayazoleki. Abdelkarim ni mtoto wa nyumbani, ni Mwislamu, hana ubaya."

"Sikusema ana ubaya."

"Basi?" Na macho yake yakarudi kwenye glasi. "Tazama rangi hiyo, mwanangu. Tazama!"

Mabrouka akajitanda shuka kichwani, akatoka.

Msichana kumfuata mwanamume barabarani mchana kweupe lilikuwa jambo la kuzungumzwa Makina mwaka mzima. Alilijua, akaenda. Alivuka Barabara ya Ngong, akashika njia ya msituni inayoelekea Kawangware, akiita jina la Ndungu bila aibu, hadi akamkuta amekaa juu ya gogo, kichwa mikononi.

"Ni chumvi," alisema, akihema. "Mama alitia chumvi kwenye maji. Kwa ajili ya jicho. Nimejaribu. Bila chumvi inawaka, ukitia inakufa."

Ndungu akaruka kutoka kwenye gogo. "Chumvi! Ngai! Chumvi inaizima!" Akajipiga paji la uso. "Ndiyo maana. Kule maabara kuna asidi nyingine, nilipoitumia hiyo haikuwaka, nikafikiri ni bahati mbaya. Ile asidi ni jamaa ya chumvi! Mabrouka, unajua umefanya nini? Sasa najua lazima nipime maji kwanza. Maji ya visima ya huku chini yana magadi na chumvi, lazima nitafute njia ya kuyasafisha. Ulitia kiasi gani? Ilizimika yote ama ilibaki kidogo?"

"Ilizimika yote."

"Yote! Na kwinini ya mzee?"

"Ilikuwa nzuri. Tangu mwanzo."

"Nilijua! Moyo ulinambia. Kesho nitajaribu na nusu ya chumvi, halafu robo." Alikuwa anatembea huku na huko, mikono inaruka, uso umejaa furaha, na alikuwa mzuri wa kutazama kiasi cha kumtia mtu uchungu. "Wewe una akili kuliko maabara nzima. Ulifanyaje, ulikoroga kabla ama baada ya kutia asidi?"

"Ndungu."

"Eh?"

"Umeniuliza habari za chumvi. Umeniuliza habari za baba. Kuna mtu mmoja hujamuuliza."

Akasimama. Furaha ikamtoka usoni polepole, na Mabrouka akajilaumu kwa kuifukuza.

"Baba yako amebadilisha neno?"

"Hapana. Ijumaa wanakuja kuniuliza."

Ndungu akakaa tena kwenye gogo. Ndege walikuwa wanapiga kelele mitini, na hakuna aliyewasikiliza.

"Njoo nami sasa hivi," alisema Mabrouka. "Njoo useme kwa baba yangu kwamba unanitaka. Hata akikataa. Nataka nisikie imesemwa ndani ya nyumba yetu."

"Nitakuja. Lakini nisikilize. Nipe miezi michache. Nikiikamilisha hii njia, Mzungu hatakuwa na budi kunipandisha. Nitakuwa mtu. Hata mama yangu Wangoi, anayesema akisikia adhana nyumbani kwake atahama, atanyamaza akiniona na cheo. Na wazee wenu wataniheshimu."

"Miezi michache! Nimekwambia Ijumaa."

"Waombe wangoje."

"Wewe ndiwe wa kuwaomba wangoje. Ngojangoja huumiza matumbo, Ndungu, na hili tumbo ni langu."

"Unafikiri sikupendi?" alisema, na sauti yake ikapasuka. "Nakupenda hadi nashindwa kuhesabu vidonge. Lakini naogopa. Baba yako akisema hapana, imekwisha. Nisipouliza, bado haijakwisha."

Hapo Mabrouka akamwelewa kabisa, na kumwelewa hakukumsaidia. Alimpenda vilevile, pale kwenye gogo, na woga wake wote. Angetaka amchukie, arudi nyumbani na miguu mepesi.

"Kwangu itakuwa imekwisha Ijumaa, uulize usiulize," alisema. Akajitanda shuka yake vizuri, akageuka. Alitembea polepole makusudi, apate kuitwa. Hakuitwa.

Ijumaa baada ya sala wakaja. Tangu asubuhi Mabrouka alikuwa akichungulia njia kupitia upenyo wa mlango, na njia ilileta wauza maziwa, na wanawake wenye kuni, na mwishowe Ami Abdelrahim na wale wazee wawili, wamevaa kanzu za kupigwa pasi. Baba yake aliwakaribisha sebuleni. Duka lilikuwa limejaa tena siku hizo mbili, na alikuwa na sauti ya mtu mwenye heshima zake, ingawa hakumtazama binti yake alipopita.

Mabrouka alikaa nyuma ya pazia pamoja na mama yake, mikono yake ikinukia mafuta ya karafuu waliyompaka shangazi zake.

"Mimi nimeshaharibu vya kutosha," alinong'ona Fatna. "Siongezi neno. Fanya lako."

Makina watu huuliza, maana dini inasema mwanamwali aulizwe. Lakini kila mtu alijua kuuliza kwenyewe kulivyo. Mwali akinyamaza, kimya chake ni ndiyo. Akicheka, ni ndiyo ya furaha. Akilia, ni ndiyo ya kuaga nyumba ya baba yake, na wanawake humpigia vigelegele kabla machozi hayajafika kidevuni. Hakuna mama aliyekumbuka mwali aliyefanya jambo la nne.

Mzee mmoja akakohoa nje ya pazia. "Mabrouka binti Fadul. Ndugu yako Abdelkarim bin Abdelrahim anakutaka kwa sheria ya Mungu na Mtume wake. Umeridhia?"

Mzee huyo alikuwa ameshakunjua viganja vyake asome fatiha. Kivuli cha mikono yake kilionekana kwenye pazia. Mabrouka alisikiliza njia kwa mara ya mwisho. Hakuna aliyekuwa anakuja.

"Hapana," alisema.

Vivuli vikageukiana kwenye pazia.

"Amesema nini?" aliuliza yule mzee.

"Amekohoa," alisema Ami Abdelrahim.

"Sikukohoa, Ami. Nimesema hapana. Simtaki Abdelkarim."

Kiti kikaburuzwa. "Ni yule Mkikuyu wa chupa! Fadul, umesikia? Unamngoja yule, wewe msichana? Yuko wapi? Mbona hayuko hapa? Hatarudi yule!"

Kila neno lilimwingia Mabrouka, maana kila neno alikuwa ameshajiambia mwenyewe usiku kucha. Alishika ukingo wa mkeka.

"Huenda asirudi, Ami. Nami bado nasema hapana."

"Fadul! Neno lako!"

Kivuli cha baba yake kikasimama wima kwenye pazia, mikono nyuma.

"Neno langu nililitoa, kaka," alisema Fadul, "na sikulirudisha. Nilisema mje mumuulize. Mmemuuliza. Amejibu."

Kivuli cha ile mikono iliyokunjuliwa kikashuka. Viatu vikavaliwa kwa kelele mlangoni, na sauti ya Ami Abdelrahim ikaenda ikilaani njia nzima hadi ikapotea. Nyuma ya pazia Mabrouka akamwangukia mama yake, akamlilia Ndungu kwa sauti kubwa bila kujizuia, kwa sababu sasa kilio chake hakikuwa tena ndiyo ya mtu yeyote.